Paipu ya PETG imechomoka kwenye kompyuta yangu ya maji. Nihamie akriliki, shaba au kioo?

#1 BatiLaMoto
Wakuu, salaam. Niende moja kwa moja.

Nina kompyuta inayopozwa kwa maji, nimeifunga mwenyewe: rejeta mbili, pampu ya D5, bloku la prosesa na bloku la kadi ya picha (bloku ni kile kipande cha chuma kinachopitisha maji juu ya chipu). Paipu zote ni za PETG, plastiki ngumu, nje milimita 14, ndani 10. Nilizikunja mwaka jana pale sebuleni, mke wangu akidhani nimeanza kazi ya kufunga bomba za gesi.

Juzi saa nane mchana narudi kutoka msikitini, kompyuta imezima, chini ya meza dimbwi. Paipu inayotoka kwenye bloku la kadi ya picha kupanda rejeta ya juu imechomoka kwenye fitingi. Haikupasuka, haina ufa. Imechomoka tu, kama kidole kwenye pete iliyopwaya. Kadi nimeitoa nikaianika siku tatu, leo imewaka. Alhamdulillahi.

Niko Ngamiani, Tanga, chumba cha juu, bati bila dari, na huu ndio msimu wa kaskazi. Paipu nabadilisha zote, hilo nimeshaamua. Swali: akriliki, shaba au kioo? Nani ameishi na kipi kwenye joto hili la kwetu, si la Ulaya?

#2 KitiChaMbele
Nimeshavuta kigoda. Picha iko wapi?

#3 MsumenoMwembamba
Mchawi ni PETG yenyewe. Plastiki hiyo hulegea kabisa ikifika karibu nyuzi 80, na wauzaji wengi wanakuonya maji yasizidi 60. Video tunazojifunzia zimepigwa kwenye vyumba vya nyuzi 20. Maji ya kwenye mzunguko huwa juu ya chumba kwa nyuzi 10 hadi 15 hivi mashine ikifanya kazi, kwa hiyo kule maji yao yako thelathini na kitu. Wewe chini ya bati saa nane mchana chumba ni 34, maji yako yanagonga 50. Umeshakula akiba yote kabla hujaanza.

Akriliki, nayo plastiki, hulegea karibu 105. Chukua akriliki, kesi imeisha.

#4 JikoLaTatu
Mkuu #3 umejibu kama mtu aliyetumbukiza kipimo mwenyewe. Mtoa mada hajasema maji yalikuwa nyuzi ngapi. Na kutoka 50 kufika 80 si hatua moja, ni kama mtu aseme Muheza na Korogwe ni kituo kimoja. BatiLaMoto, una kipimo cha joto la maji?

#5 BatiLaMoto
#4 sina. Naona joto la prosesa na la kadi tu. Kadi huwa 58 hadi 62 nikicheza.

#2 picha zitachelewa. Simu nayo ilikuwa chini ya meza, sasa hivi imo kwenye debe la mchele.

#6 JikoLaTatu
Kadi ikiwa 60, maji lazima yawe chini ya hapo, la sivyo joto lisingehama kutoka kwenye kadi kuingia kwenye maji. Kwa hiyo hukufika 60. Tafuteni mchawi mwingine.

#7 MsumenoMwembamba
Hiyo 60 ni pampu ikiwa inazunguka. Ikisimama je? Maji yaliyomo kwenye bloku hayaendi kokote, yanapikwa palepale, na paipu ya kwanza kula moto ni ile inayotoka kwenye kadi. Rudi #1 usome ni paipu ipi iliyochomoka.

#8 BatiLaMoto
Pampu inazunguka mpaka leo, nimeijaribu kwenye ndoo. Ila umeme siku hiyo ulikatika na kurudi mara mbili asubuhi, sijui kama ina uhusiano.

#9 JikoLaTatu
Umeme ukikatika kadi nayo inazima, joto linatoka wapi?

#10 FundiFriji
Vijana hamjambo. Mimi kompyuta sizijui, hapa nimeletwa na mwanangu, lakini paipu nimezikunja na kuzikata tangu mwaka 1988, za friji na za AC. Mmekimbilia joto, hakuna aliyemuuliza amekata na nini na mdomo wa paipu aliufanyaje.

Kazi ya kuzuia maji anaifanya mpira mdogo wa duara ulio ndani ya fitingi, oringi. Paipu ikiingia na ukingo mkali inaunyoa ule mpira kama wembe. Siku ya kwanza utaona kavu, mwezi wa kwanza kavu. Mpira umeshaumia, unashika nusu. Mtoa mada, ulipitisha tupa kwenye ukingo wa nje ukauinamisha kidogo?

#11 BatiLaMoto
Shikamoo mzee. Nilikata na msumeno wa chuma, nikapiga msasa juu juu. Nyingine zilikuwa ngumu kuingia, nikapaka sabuni ya vyombo nikasukuma kwa nguvu.

#12 FundiFriji
Marahaba. Haya basi.

#13 KitiChaMbele
"Haya basi" ya mzee ina uzito kuliko kurasa mbili za #3 😂

#14 BintiMaabara
Naongeza jambo ambalo halijaguswa. Ulisafisha paipu kwa nini? Nauliza kwa sababu mmeanza kumsukuma kwenye akriliki na hamjamwambia kwamba akriliki na spiriti ni maadui. Ukiifuta akriliki kwa spiriti, hasa pale ilipokunjwa au ilipokatwa, inatoa nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, leo moja, kesho kumi. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo vinatosha. Watu wengi hapa wana chupa ya spiriti mezani kwa ajili ya kufutia prosesa, mkono unateleza unafuta na paipu.

Mimi natumia kioo, kile cha maabara kinachovumilia moto. Kwa joto hakuna wa kushindana nacho, kinalegea kwenye mamia ya nyuzi huko, hakichuji, hakipati mikwaruzo kirahisi, na rangi ya maji inaonekana safi kuliko kwenye plastiki yoyote. Ila mjue mnachonunua: huwezi kukikunja nyumbani. Paipu zote zinyooke, kila kona ni fitingi ya elbo. Yangu ina kona tisa. Kila elbo ina oringi zake, kwa hiyo ukikimbia paipu kuvuja umeongeza milango ya kuvujia. Kukata, unachora mstari kwa tupa ya almasi unavunja kwa kitambaa, kisha unalainisha mdomo, maana mdomo wa kioo unanyoa oringi na vidole. Na ukikaza kitu kikiwa kimepinda hata kidogo, kioo hakikuonyi. Kinasema *ta*.

#15 Mwambao_B
Binti hapo juu hajasema zilifikaje.

#16 BintiMaabara
#15 nilikuwa naikwepa hiyo. Niliagiza paipu nane, zikashuka Dar nzima. Zikapandishwa basi kuja Tanga chini ya gunia la mtu. Zilifika tano. Kondakta akanipa vipande kwenye mfuko kwa heshima zote, kama anakabidhi maiti.

#17 NgalawaMbili
Niko Bagamoyo, natumia shaba mwaka wa pili sasa. Wakuu msijisumbue. Paipu ya shaba ya AC iko kwenye kila duka la mafundi friji, huagizi China, hailegei, haipasuki, na juu ya yote shaba yenyewe inapoza. Plastiki inafungia joto ndani, shaba inalitoa njiani kabla maji hayajafika rejeta. Tangu nihame nimeona tofauti.

#18 JikoLaTatu
#17 tufanye hesabu kidogo. Tuseme una mita 2 za paipu ya milimita 16. Eneo la nje ni kama moja ya kumi ya mita ya mraba. Hewa iliyotulia inachukua takriban wati 10 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Maji yakiizidi hewa kwa nyuzi 15, paipu zako zote kwa pamoja zinatoa wati 15. Kompyuta kama ya mtoa mada inamwaga wati 400 na zaidi ikicheza. Hizo 15 ni feni moja ya rejeta kupiga chafya. Na shaba iliyong'arishwa hutoa joto kwa mnururisho kidogo mno, kwa hiyo hata hizo 15 nimekuonea huruma.

#19 NgalawaMbili
Wati 15 ni wati 15. Kwani nalipia?

#20 MsumenoMwembamba
#19 tofauti uliyoiona ni kwa sababu ulipobadilisha paipu ulisafisha na rejeta. Kila mtu akifungua mzunguko anapuliza vumbi halafu sifa anapewa paipu.

#21 NgalawaMbili
Nilipuliza ndiyo. Lakini bado.

#22 FundiFriji
Niwasaidie kwenye vipimo kabla mtu hajatupa hela. Paipu ya AC inapimwa kwa inchi. Ile nusu inchi nje yake ni milimita 12.7. Fitingi zenu nasikia ni 12, 14 na 16. Kwa hiyo 12.7 haiingii kwenye 12, ukilazimisha ndiyo yale ya kunyoa mpira. Tano kwa nane ni 15.88, hiyo inakaribia 16 na tofauti yake oringi inaimeza. 14 hamna kabisa upande wetu.

Tena ya AC inakuja imeviringwa. Ukiinyoosha kwa mkono haiwi duara kamili, inakuwa yai. Lazima uipitishe kwenye kibao ukiizungusha taratibu, na kona ukunje kwa springi. Ukate kwa kikatio cha gurudumu, si msumeno. Hicho kinaacha ukingo wa nje umejiinamia wenyewe, ubaki kukwangua wa ndani.

#23 Mwambao_B
#17 na shaba huko kwenu Bagamoyo haijageuka nyeusi? Upepo wa chumvi unavyokula njumu za milango ya zamani kule Mji Mkongwe, sidhani kama kompyuta inaachwa.

#24 NgalawaMbili
Iligeuka kahawia mwezi wa tatu, na pale ninapogusa kwa vidole pana madoa ya kijani. Nilipiga ndimu na chumvi, nikapaka vanishi. Vanishi inakaa. Wengine wanaipenda ikiwa imezeeka, ni mapenzi ya mtu.

#25 TaaZaRangi
Wote mnakosea. Nendeni duka la vifaa vya ujenzi mchukue PPR, ile ya kijani au nyeupe ya maji ya moto bafuni. Inabeba maji ya nyuzi 70 miaka na miaka, unaichomelea na pasi yake, hakuna cha oringi wala cha yai. Bei ya paipu moja ya PETG unapata PPR ya kuzungusha nyumba.

#26 KitiChaMbele
Na kompyuta itakuwa na taa za rangi saba zinazomulika bomba la choo. Jina lako na ushauri wako havijakutana.

#27 TaaZaRangi
Cheka tu. Kazi inafanya.

#28 JikoLaTatu
#25 kwa joto hujakosea kabisa. Shida ni kuungana na bloku. Matundu ya bloku na rejeta za kompyuta ni uzi wa G robo inchi, familia ileile ya uzi wa mafundi bomba. Lakini ule wa kompyuta ni wa sambamba, unazibwa na oringi. Fitingi nyingi za dukani ni za uzi unaosongoka, unakaza kwa kuchongea ndani na tepu nyeupe. Ukiukaza ule kwenye tangi la akriliki, tangi linapasuka vipande viwili. Nimeshuhudia. Sitaki kusema tangi la nani.

#29 KitiChaMbele
La kwako.

#30 JikoLaTatu
La kwangu.

#31 BintiMaabara
Kwa sababu watu wataanza kuokota vitu madukani baada ya #17 na #25, angalizo mbili. Usichanganye alumini na shaba kwenye mzunguko mmoja. Bloku nyingi na rejeta nzuri za kompyuta ni shaba ndani. Ukiweka fitingi au rejeta ya alumini, maji yanakuwa betri, alumini inaliwa na uchafu wake unaziba bloku. Pili, dawa ya rejeta ya gari mara nyingi ina glikoli ya ethilini, ni sumu na ni tamu. Mtoto au paka akilamba dimbwi kama lile la #1 ni hospitali.

#32 Mwambao_B
Mimi naweka maji ya betri kutoka petroli stesheni. Nakosea?

#33 BintiMaabara
Inategemea umepewa yapi! Kwa mazoea yetu "maji ya betri" ni mawili: yale ya kuongezea, ambayo ni maji yaliyotolewa madini, na ile tindikali ya kujazia betri mpya. Chupa zinafanana na muuzaji yuko bize. Soma lebo, ukishindwa nenda ukatafute maji safi ya maabara. Ya kunywa ya chupa yana madini, usiweke. Na hata maji safi peke yake yataota mwani, weka dawa yake.

#34 Mwambao_B
Nimeenda kusoma lebo. Nimekaa kimya kwanza.

#35 KitiChaMbele
Yakhe usikae kimya!! Lebo imesemaje?

#36 Mwambao_B
Ni ya kuongezea. Moyo umerudi.

#37 UziMrefu
Nimesoma toka juu. Kuna sababu moja hamjaitaja. BatiLaMoto, tangi lako ulilijaza mpaka juu?

#38 BatiLaMoto
Ndiyo, nilijaza hadi mdomoni nikafunga. Sikutaka mapovu yaonekane.

#39 UziMrefu
Hapo ndipo. Maji yakipanda kutoka nyuzi 30 hadi 45 yanavimba zaidi kidogo ya nusu ya asilimia moja. Kwenye lita moja ni mililita 5 na ushee. Ukiacha hewa juu ya tangi, hewa inabanwa, hakuna kesi. Ukijaza mpaka juu, zile mililita 5 hazina pa kwenda, maji hayabanwi, presha inapanda inatafuta kiungo kilicho dhaifu. Kila mchana inasukuma, kila usiku inavuta. Mwaka mzima wa hivyo hata mimi ningechomoka. Paipu yoyote utakayoweka itafanya vilevile, iwe shaba iwe kioo.

#40 MsumenoMwembamba
Na kwa nini ilichomoka hiyo ya kadi na si nyingine? Presha ni moja mzunguko mzima.

#41 UziMrefu
Kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa dhaifu. Mzee wa #10 ameshaeleza.

#42 MsumenoMwembamba
Au kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya moto kuliko zote. Plastiki haisubiri 80 kuchoka. Ukiibana na oringi kwenye nyuzi 50 mchana kutwa kwa miezi, inabonyea polepole pale inapobanwa. Si kuyeyuka, ni kuchoka.

#43 JikoLaTatu
Sasa #42 umeanza kusema jambo la maana. Mwanzoni ulikuwa unahubiri.

#44 BatiLaMoto
Wakuu nimerudi na vipimo. Nimeazima vernia kwa jirani na kipimo cha joto cha tangi la samaki.

Paipu iliyochomoka: mdomoni ni 13.9 upande mmoja na 13.5 upande mwingine. Ni yai, mzee. Nimekumbuka, hiyo ndiyo ya kona ambayo nilikunja karibu sana na mdomo, kama sentimita 2, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Joto lilifika hadi mwisho wa paipu, na ile kamba ya silikoni ya ndani, ya kuzuia paipu isibonyee ukiikunja, haikufika mdomoni. Paipu nyingine iliyonyooka ni 13.9 kote.

Oringi ya fitingi hiyo ina mkato mdogo upande mmoja. Za fitingi nyingine mbili nilizofungua nazo zina mikwaruzo lakini hazikuvuja.

Maji: kwa sasa nimefunga paipu laini ya mpira mweusi, ya muda. Jana saa nane mchana chumba 33, baada ya saa moja ya mchezo maji 47. Na tangi nimeacha hewa vidole viwili.

#45 FundiFriji
Yai na wembe. Nilisema.

#46 MsumenoMwembamba
47 kwa saa moja tu. Niliposema 50 mlinicheka.

#47 UziMrefu
Na bado nani aliyeisukuma itoke? Yai halitembei lenyewe.

#48 BintiMaabara
Kwa ushahidi huu huu kila mmoja wenu ameshinda. Mtoa mada, somo la kona ni hili: acha angalau sentimita 4 au 5 zilizonyooka kabla ya mdomo, kunja kwenye kipande kirefu, halafu kata. Hata akriliki ukiikunja karibu na mdomo itakuwa yai vilevile, tena akriliki inataka moto zaidi ya PETG kukunjika, ukikosea inatoa mapovu ndani. Usikate kwanza.

#49 NgalawaMbili
Hivyo unachagua nini? Sema shaba.

#50 BatiLaMoto
Nimezungumza na mzee wa #10 kwa ujumbe wa faragha, kumbe duka lake liko Makorora, dakika kumi kwa baiskeli. Kaniwekea tano kwa nane mita tatu. Naagiza fitingi za 16, nikisubiri nanyoosha shaba taratibu. Mpira mweusi unabaki hadi hapo.

Tatizo jipya: mke wangu ameuona huo mpira mweusi anasema ndio uliopendeza, "ule mwingine ulikuwa kama kiwanda". Na kusema kweli haujavuja hata tone, nimeufunga kwa dakika ishirini.

#51 JikoLaTatu
Sikilizia kwanza ndoa yako.

#52 TaaZaRangi
PPR bado ipo dukani.

#53 KitiChaMbele
Simu imetoka kwenye mchele? Tunadai picha tangu #2.

#54 Mwambao_B
BatiLaMoto hizo PETG zilizobaki unauzaje? Nataka moja ndefu iliyonyooka, nimeona zinafaa kupitishia nyaya za feni. Hata ile ya yai nipe.